Viunganishi Visivyo vya Sarufi: Konekta za Kebo na Mafundi wa Dallas

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kiswahili maana ya kiunganishi. Kufumba na kufumbua atakuwa amekujibu kwamba ni neno linalounganisha neno na neno, kirai na kirai, au sentensi na sentensi, kisha atakutolea mifano: na, lakini, au, ilhali, kwa sababu. Sasa mpeleke mwanafunzi huyo huyo katika mtaa wa Dallas mjini Embu, umsimamishe mbele ya meza ya fundi wa televisheni, umwonyeshe kile kidude cha chuma kilichokaa kwenye ncha ya waya wa antena, umwulize kinaitwaje kwa Kiswahili. Hapo utamwona akikuna kichwa. Akijikaza sana atasema "kiunganishi", na fundi atamtazama kwa mshangao, maana neno hilo naye alilisoma shuleni na analijua kuwa ni la sarufi.

Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu huo si wa Kiswahili bali ni wetu sisi tunaojiita wasomi wake. Istilahi za vitu hivi zipo, au walau malighafi yake ipo, mezani pa mafundi. Sisi tumezoea kuitafuta katika kamusi za Kiingereza na katika vikao vya kamati, kisha tunashangaa kwa nini maneno tunayoyaunda hayatoki nje ya kurasa tulizoyachapisha.

Nimechagua konekta za kebo za mawimbi ya redio kwa makusudi. Ni vitu vidogo visivyo na fahari yoyote. Lakini bila vitu hivyo dishi juu ya paa ni sufuria tu, kamera ya ulinzi ni pambo la ukutani, na kituo cha redio ni chumba cha watu wanaojisemea wenyewe. Isitoshe, vina aina nyingi zinazofanana, na mahali penye vitu vingi vinavyofanana ndipo lugha hupimwa kama ina uwezo wa kubainisha.

Neno moja kuhusu mahali. Dallas ya Embu ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wenye msongamano wa nyumba na vibanda, katika mji ulio chini ya Mlima Kenya. Jina lake linafanana na la mji wa Texas ambako Septemba 1958, katika kampuni ya Texas Instruments, Jack Kilby alionyesha saketi unganifu yake ya kwanza, mzazi wa vidude vyote vinavyolundikana leo katika vibanda hivyo. Wakazi wa Embu hawakulitafsiri jina hilo wala hawakuliombea idhini. Wamelitamka kwa ulimi wao hadi likawa lao, na ukimwambia makanga akushushe Dallas hatakuuliza kama una viza. Msomaji ataona mbele kwa nini nimeanza na jambo hilo.

Kebo tunayoizungumzia ni ile ambayo wengi huiita waya wa antena au waya wa dishi. Ndani yake mna waya mmoja wa kati, kisha tabaka la plastiki, kisha wavu wa nyuzi za chuma, kisha ganda la nje. Waya wa ndani na wavu vina mhimili mmoja, na ndiko lilikotoka jina la kitaalamu, kebo koaksia. Oliver Heaviside wa Uingereza ndiye aliyepewa hataza ya muundo huo mwaka 1880. Wavu ule si pambo: huyazuia mawimbi yaliyo ndani yasivuje na yaliyo nje yasiingie. Konekta basi ni mahali ambapo waya wa kati na wavu lazima viendelee na safari, kila kimoja kwa njia yake, bila kugusana. Uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, ukiugusa waya wa kati, mawimbi hayafiki yanakokwenda.

Siku niliyokwenda kuuliza, fundi mmoja wa Dallas, mtu wa makamo, alikuwa anachuna waya kwa kisu huku kijana anayemfundisha kazi akimshikia tochi. Nilijitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa Kiswahili, naye akaanza papo hapo kuniita mwalimu. Nikamwuliza kuhusu viunganishi vyake. Akacheka. "Mwalimu, kiunganishi si ni 'na' na 'lakini'? Hapa sisi tunaziita konekta." Kisha akavuta mikebe mitano ya majani ya chai iliyokuwa chini ya meza. Mkebe wa kwanza ulikuwa wa konekta za dishi. Wa pili wa konekta za TV. Wa tatu za kamera. Wa nne za redio. Wa tano, uliokuwa na chache mno, za waifai.

Naomba wenzangu wanaosomea leksikografia waitazame mikebe hiyo kwa makini. Huo ni uainishaji kamili. Wahandisi wa Ulaya na Marekani wameviainisha vitu hivyo hivyo kwa herufi, na herufi zao zina historia tamu lakini hazimwelezi mtu kitu. Fundi wa Dallas ameviainisha kwa kazi vinayoifanya. Mteja akija na kusema "nataka konekta ya kamera", hakuna haja ya kamusi.

Tuanze na mkebe wa pili, kwa kuwa ndio wenye kitu kikongwe zaidi. Konekta ya TV, ile inayosukumwa tu kwenye tundu nyuma ya televisheni bila kuzungushwa, ilibuniwa miaka ya 1920 na kampuni ya Belling & Lee ya Enfield, Uingereza, wakati ambapo televisheni yenyewe ilikuwa bado ndoto. Ilikusudiwa redio. Televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, kwa mfumo tuliorithi kwa Waingereza, konekta hiyo ikaja nayo, na hadi leo ving'amuzi vingi vya mawimbi ya ardhini vina tundu lake. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuangalia mpira: haina hesi wala kufuli, hivyo mtoto akipita nyuma ya televisheni akaukwaruza waya, bao linafungwa bila wewe kuliona.

Ya dishi ni ndugu yake wa Marekani. Wataalamu huiita aina ya F. Ilibuniwa mapema miaka ya 1950 na Eric Winston wa kampuni ya Jerrold Electronics, kwa ajili ya televisheni za kebo. Uzuri wake ni wa kimaskini, na nausema kwa sifa: haina pini yake yenyewe. Waya wa kati wa kebo ndio unaochomoza na kuwa pini. Kwa hiyo ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kufunga, na ndiyo sababu imeenea duniani kote. Lakini ubora wa kazi sasa uko mikononi mwa fundi. Akiuacha waya mfupi, hauingii vizuri. Akiuacha mrefu, unaharibu tundu. Kuna za kuzungusha kwa mkono, kuna za kubana kwa koleo maalumu. Zile za kuzungusha ndizo rahisi kupatikana, na ndizo zinazoingiza maji. Embu hupata mvua mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Oktoba hadi Desemba, na fundi aliniambia kwamba misimu hiyo miwili ndiyo misimu yake ya mavuno. Maji huingia kwenye konekta iliyo kwenye dishi, yanashuka taratibu ndani ya wavu kama maji ndani ya utambi, shaba inabadilika rangi, na mwenye nyumba anadhani kuwa king'amuzi kimekufa. Nimesikia ya watu waliouziwa king'amuzi kipya ilhali kilichohitajika ni konekta moja na kipande cha tepu.

Hapa ndipo suala la lugha linapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Mtu asiye na jina la kitu hawezi kukiulizia. Mwaka 2015 Kenya ilipohama kutoka mfumo wa analojia kwenda wa dijitali, watu wengi walilazimika kwa mara ya kwanza kununua kebo, antena na ving'amuzi kwa pupa. Tunakumbuka Februari mwaka huo jinsi mitambo ilivyozimwa, na jinsi NTV, KTN na Citizen zilivyotoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili kwa sababu ya mvutano baina ya wenye vituo na Mamlaka ya Mawasiliano. Vyombo vya habari vilijaa maneno makubwa: masafa, leseni, uhamaji, kiunzi cha sheria. Maneno madogo hayakutajwa. Mama aliyenunua antena yenye konekta ya kuzungusha, akafika nyumbani akakuta tundu la king'amuzi chake ni la kusukuma, hakuwa na njia ya kueleza tatizo lake ila kubeba mzigo mzima na kurudi nao dukani.

Na bado mwaka huo huo una somo jingine, la faraja. Neno king'amuzi lenyewe ni ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza. Limetokana na kitenzi ng'amua, likaambishwa kwa utaratibu ambao kila mmoja wetu aliufanya kwenye mtihani, na likapata uhai kwa sababu redio, televisheni na magazeti ya Tanzania yalilitumia kutwa kucha kuelekea usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilipozimiwa analojia. Likavuka mpaka. Ni kweli kwamba dukani Dallas utasikia "dikoda" mara nyingi zaidi, lakini ukisema king'amuzi utaeleweka. Linganisha na kitenzambali, neno lililoundwa kwa umakini, lenye sura nzuri, ambalo kila mtu mwenye rimoti mkononi hajawahi kulisikia. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili safi. Tofauti ni kwamba moja lilifika sokoni siku watu walipokuwa wanalihitaji.

Turudi kwenye mikebe. Konekta ya redio, ile nene ya kuzungusha inayofungwa kwenye redio za upepo za teksi, za walinzi na za wapenzi wa redio za masafa, wahandisi huiita PL-259, na familia yake huitwa UHF. Ni ya miaka ya 1930, kutoka kampuni ya Amphenol. Herufi hizo tatu zina maana ya masafa ya juu kupindukia, na zama hizo chochote kilichozidi megahezi 30 kilihesabiwa hivyo. Siku hizi jina hilo ni la masafa ya kuanzia megahezi 300 hadi 3,000, na konekta hii kwa kawaida haishauriwi kutumika juu ya 300. Kwa maneno mengine, konekta iitwayo UHF haifai kwa UHF. Hapo Kiingereza, tunachoambiwa kila siku kuwa ndicho lugha ya sayansi kwa sababu ya usahihi wake, kimekaa na jina la uongo kwa zaidi ya miaka 80 na hakuna aliyekivua madaraka. Fundi wangu anaiita konekta ya redio. Ni nani aliye sahihi zaidi?

Ya kamera ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Jina lake la kitaalamu ni BNC. Paul Neill wa maabara za Bell aliunda konekta N katika miaka ya 1940, ikapewa herufi ya kwanza ya jina lake. Carl Concelman wa Amphenol akaunda ya kwake, ikaitwa C. Kisha ikaja moja ndogo iliyochanganya mawazo ya wote wawili, na kwa kuwa hufungwa kwa kusukuma na kuzungusha robo, kama singe inavyopachikwa kwenye mtutu wa bunduki, ikaitwa kwa herufi za singe, Neill na Concelman. Wengi wasiojua hadithi hiyo wamejitungia yao: wapo wanaoapa kwamba B ni Uingereza na N ni jeshi la majini. Wanaisimu tunakuita huko kuwa ni etimolojia ya mitaani, na inapendeza kuona kwamba hata wahandisi hawakuepuka. Kuna pia TNC, iliyo sawa na hiyo isipokuwa hutumia hesi badala ya singe.

Sasa, jinsi ya kuliita hilo la singe kwa Kiswahili ni fumbo dogo ambalo ningependa wenzangu walitafakari. Kila duka la Dallas linalouza balbu lina swali moja: ya pini au ya skru? Ya pini ni ile ya kusukuma na kuzungusha kidogo, na ufungaji wake ni ule ule wa BNC. Mtu angesema basi tumepata: konekta ya pini. Lakini kila konekta ina pini katikati yake. Neno hilo linalofaa kabisa kwa balbu linavurugika mara tu linapoguswa na kebo. Singe nalo ni neno letu la zamani, limo katika kamusi, ila nje ya askari sidhani kama kuna kijana wa Embu analitumia. Mimi binafsi ningelifufua. Konekta ya singe kwa jina la kitabuni, konekta ya kamera kwa jina la dukani, kama vile mti ulivyo na jina la mganga na jina la mtaalamu wa mimea, na hakuna anayelalamika.

Suala la pini linatuleta kwenye jambo ambalo baadhi ya wenzangu huona haya kulijadili. Kila konekta ina wenza: moja ina pini inayochomoza, nyingine ina tundu la kuipokea. Waingereza huziita ya kiume na ya kike, na mafundi wetu wamezichukua hivyo hivyo, mara kwa Kiingereza kilichochakaa, mara kwa Kiswahili. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia kwamba istilahi kama dume na jike haziwezi kukubalika katika kitabu cha shule kwa kuwa zinakiuka kanuni ya PEGITOSCA. Kwa wasomaji walio mwaka wa kwanza, hivyo ni vigezo tisa vya kupimia istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi wa Uganda: usahihi, iktisadi, uzalishaji, umataifa, uwazi, kutokuwa na lugha ya aibu, mfumo, uthabiti na kukubalika. Mwenzangu alikuwa ameshika kigezo cha aibu.

Namheshimu, lakini simkubali. Mafundi seremala wa pwani waliochonga milango ya Lamu na Unguja waliita ubao mmoja mlango dume na wa pili mlango jike, na milango hiyo ilipita nayo misafara ya arusi na majeneza ya masheikh bila mtu kufunika uso. Istilahi hizo ni zetu kabla hatujasikia habari za kebo. Ni fupi, ziko wazi, zinazalika. Zikipimwa kwa vigezo vyote tisa, hakuna kinachozishinda.

Kinachoweza kuzishinda ni kitu kingine kabisa, nacho kimo katika mkebe wa tano. Konekta ndogo za dhahabu-dhahabu zinazofunga antena za ruta za waifai huitwa SMA. Katika SMA ya kawaida, yenye hesi ndani ndiyo yenye pini, nayo ni dume. Lakini Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliweka kanuni kwamba vifaa vidogo visivyohitaji leseni viwe na konekta isiyo ya kawaida, ili mnunuzi asiweze kubandika antena nyingine atakavyo. Watengenezaji wakaigeuza: wakaihamisha pini kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuliacha umbo la nje vile lilivyo. Matokeo yake ni konekta yenye hesi za dume na tundu la jike, na mwenza wake mwenye umbo la jike na pini ya dume. Viwandani wameamua kwamba jinsia hufuata umbo la nje wala si pini. Kwa hiyo katika jamii hiyo jike ndilo lenye pini. Aliyenunua antena ya aina hii akaifunga kwenye kifaa chenye tundu la SMA ya kawaida ataizungusha hadi ikaze, aone kila kitu kimekaa sawa, na mawimbi yasipite hata chembe, kwa kuwa ndani yake tundu linatazamana na tundu.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo ghali zaidi. Kebo na konekta hutengenezwa kwa impedensi maalumu, yaani namna zinavyoyapokea mawimbi yanayopita, na hupimwa kwa omu. Za televisheni na dishi ni omu 75, kiwango kinachoyapunguzia mawimbi kufifia njiani. Za redio za kurusha matangazo ni omu 50, ambazo ni suluhu kati ya kupunguza kufifia na kubeba nguvu kubwa. Ukichanganya, sehemu ya mawimbi hugonga mahali pa maungio na kurudi yalikotoka. Konekta N zipo za omu 50 na za omu 75, na kwa nje zinafanana. Pini ya ile ya 50 ni nene kuliko ya 75. Ukiisukuma pini hiyo nene katika jike la 75, unalipanua na kuliharibu. Mafundi wanaohudumia minara ya vituo vinavyosikika Embu, kikiwemo Wimwaro FM kinachotangaza kwa lugha za huko, hawana budi kulijua jambo hilo. Kijana anayeshika tochi pale Dallas angeweza kuwa mmoja wao.

Kinachomzuia si akili. Nilimwona akifunga konekta ya dishi kwa dakika mbili bila kutazama mkono wake. Aliishia darasa la nane. Anajifunza kwa Kiswahili na Kiembu, kwa kuona na kushika, na anajifunza vizuri. Siku atakapotaka kufanya mtihani wa ufundi au kusoma kitabu cha elektroniki, atakuta kitabu hicho ni cha Kiingereza tangu jalada hadi jalada, na ujuzi wake wote hauna neno hata moja ndani yake. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sijui namna ya kumweleza kijana huyo urasmi huo una maana gani kwake.

Tanzania ilikuwa na BAKITA tangu mwaka 1967, na kuanzia 1974 baraza hilo likachapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwetu Kenya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili mwaka 2018, miaka 51 baada ya jirani. Sisemi haya kwa kubeza kazi ya kamati. Nasema kwamba kamati huanza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kuuliza, "Hili tuliite nani?" Swali hilo kwa fundi ni la ajabu. Yeye ameshaliita.

Najua nitapingwa kwa pande mbili. Wa kwanza watasema konekta ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, na kwamba mwana wa Kiswahili anapaswa kutumia kiunganishi. Nawajibu kwamba parafujo ni Kireno, dirisha ni Kiajemi, na jeki, spana na nati havikuzaliwa Siyu. Tena kiunganishi tayari ana kazi nyingine, na kazi hiyo anaifanya vizuri; tusimtwike ya pili. Dallas iko Embu na hakuna anayeitilia shaka uzawa wake. Wa pili watasema kwamba tuwaachie mafundi Kiingereza chao, dunia ni moja. Hao nawaomba wakae saa moja kibandani wahesabu ni mara ngapi wanasikia Kiingereza kinachozidi maneno mawili.

Ninachopendekeza kwa chama chetu hakihitaji bajeti. Likizo ndefu inakuja. Wanachama wengi wanatoka Embu, Meru, Chuka, Runyenjes na kwingineko kwenye vibanda kama hivi. Kila mmoja achukue daftari, aende kwa fundi mmoja wa mtaani kwao, wa televisheni, wa pikipiki, wa mabomba, yeyote yule, aandike majina ya vitu ishirini vilivyo mezani kama fundi anavyoyatamka, si kama tunavyotaka ayatamke. Achore kila kitu. Aandike mtaa na tarehe. Kama fundi ana majina mawili, ayaandike yote mawili, na kama hana jina, aandike jinsi anavyokielezea kwa mteja. Toleo lijalo lichapishe orodha hizo kabla hatujazisahihisha.

Mimi nimeanza na mikebe mitano. Kwa ile SMA iliyogeuzwa, yenye jike la pini, nilimwuliza fundi anaiitaje. Aliigeuza kwenye kidole, akafikiri, akasema, "Hiyo ni ya waifai, ile kinyume." Kijana aliyeshika tochi akamrekebisha: wao wawili huiita kinyume tu.